Glafira Amuaga Mwanajeshi wa Sinema

Watu wa sinema walipokuja Yaroslavl kutoka Moscow, walitaka wanawake wa kusimama stesheni na kulia. Wengi wetu walitutoa kiwandani kwetu. Tukavishwa makoti ya wakati wa vita katikati ya joto la Julai, tukapangwa kando ya treni, kila mmoja na mwanajeshi wake wa kumuaga. Wanajeshi wenyewe walikuwa madereva na wapakuzi wa mizigo waliookotwa popote.

Rafiki yangu Glafira alipewa mpakuzi mmoja mrefu, Tikhon, aliyekuwa amehamia kwetu karibuni kutoka Saratov. Mimi nilisimama ubavuni mwao.

"Dada, unaitwa nani? Nikuage kwa jina," Tikhon alimtania.

"Glafira Sedykh. Ukinikanyaga tena, nitakuaga kwa kofi."

Tulicheka. Tikhon hakucheka. Rangi ilimtoka usoni.

"Sedykh? Mumeo alikuwa nani?"

"Yefim. Alipotea vitani. Kwani ulimjua?"

"Hapana," alijibu, haraka mno.

Glafira hakuwa mjinga. Jeshi lilimwambia mumewe hajulikani alipo, halikusema amekufa, na kwa neno hilo alikuwa amekataa wachumba miaka kumi na nne. Hakumwondolea Tikhon macho tena.

Mwongozaji, Arkadi, mtu mnene aliyekaukwa na sauti, akapaza: "Kamera!" Bendi ikaanza, treni ikasogea. Wanawake wote tukalia. Mimi nilimlilia kaka yangu aliyefia vitani, sikuhitaji kuigiza. Glafira alimkamata Tikhon kola ya koti.

"Ulimjua."

"Niache, dada, tunapigwa picha."

"Simamisheni!" Arkadi alifoka. "Wewe mama wa kitambaa cheupe! Unamuaga mpenzi au umekamata mwizi? Turudie!"

Treni ikarudishwa nyuma. Tikhon akamwomba msaidizi wa Arkadi amhamishie kwa mwanamke mwingine. Akaambiwa jua linashuka, hakuna muda wa kudeka. Glafira aliyasikia hayo. Akamsogelea.

"Kama alikufa vibaya, niambie. Kama walimpiga risasi wenzake, niambie. Sitapiga kelele."

"Kamera!"

Tikhon alikanyaga ngazi ya behewa, akainama hadi sikioni mwake.

"Yuko hai. Tulikuwa tukipakua magogo pamoja Saratov. Ana mke na mabinti wawili. Alisema wewe uachwe uamini amekufa. Nisamehe."

Mkono wa Glafira, uliokuwa umeishika tena kola yake, ukaachia. Hakulia. Alitembea sambamba na behewa, kisha akakimbia, mdomo wazi bila sauti, na jukwaa lilikuwa linaisha. Nikaona anakwenda kuingia chini ya magurudumu. Nilimkimbilia nikadaka koti lake, tukaanguka wote wawili kwenye kokoto.

Arkadi alikuwa anafuta machozi. "Ndiyo hiyo! Mmeona mwanamke anavyopenda?"

Glafira akainuka, magoti yakivuja damu, akamfuata Tikhon aliyekuwa ameruka kutoka kwenye treni.

"Anaishije?"

"Vizuri. Amenenepa."

"Amenenepa!"

Akacheka kicheko kilichotutisha sote, na katikati ya kicheko hicho machozi yakaja, wakati kamera imeshafunikwa turubai. Tikhon alisimama pale, kofia mkononi, hajui aondoke au abaki. Akabaki.

Wiki ileile Glafira alikwenda mahakamani kuomba Yefim atangazwe marehemu. "Si ndivyo anavyotaka?" aliniambia. "Basi na awe."

Mwaka uliofuata ile sinema ilifika kwenye ukumbi wetu. Ukuta mzima ukajaa uso wa Glafira, mweusi na mweupe, ukikimbia na treni. Ukumbi ukavunjika kwa vilio. Mama mmoja asiyetufahamu alimshika Glafira mkono gizani.

"Masikini, inaonekana yule hakurudi."

"Hakurudi, mama," Glafira akajibu, akampitishia mbegu zake za alizeti. Tikhon, aliyeketi upande wake wa pili, alikuwa ameinamisha kichwa. Glafira akampiga kiwiko.

"Tazama mbele. Tumelipia."