Wasagara Hawana Makaburi

Lukasi, mtembeza wageni wa hoteli yetu, alikuwa na sauti ya redioni, na meneja alimpenda kwa sauti hiyo. Kila Jumamosi aliwapanga wageni barazani, wengi wao wakitoka kwenye hoteli za ufukweni Dar es Salaam, mabega yamewababuka kwa jua la bahari, akawatajia vivutio vya Mikumi: tembo, twiga, viboko, na bwawa letu la kuogelea, ili ambaye hakushiba bahari aje kuimalizia huku bara. Kisha aliwapandisha kwenye kilima kilichoko nyuma ya bwawa, mahali pa kupigia picha nyati wakishuka mtoni, akawapa historia. Historia yenyewe ilikuwa fupi. Kabla ya hoteli, alisema, hapakuwa na mtu hapa, ni pori tupu.

Mimi nilikuwa napangusa vigae pembeni. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, lakini maneno hayo niliyajua, na kila Jumamosi nilitamani kumpiga na ndoo. Jina langu Joha. Nilizaliwa hapo hapo, katika kijiji cha Kwamwegoha, na baba yangu alizikwa pale ambapo sasa Wazungu wanajifunza kupiga mbizi.

Namna tulivyolipoteza kaburi la baba ni jambo la kuchekesha, na ndiyo maana linaniuma.

Kasiani alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa Kimamba na kazi ya mkonge akiwa kijana, akalowea. Sisi Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu wazee wao walipokuwa wakipita kwetu na mizigo ya misafara. Baba alipofariki, Kasiani ndiye aliyechimba kaburi. Ndiye aliyelitoboa kwa msumari bakuli la bati lililotumika kumwoshea marehemu, akaliacha juu ya kaburi kama ilivyo desturi. Ndiye pia aliyevaa kanzu ya baba akaigiza marehemu alivyokuwa akipiga chafya, mpaka mama, aliyekuwa hajala tangu jana yake, akacheka huku machozi yanamtoka. Mtani mzuri hufanya hivyo. Msiba usio na mtani ni ugali usio na mboga.

Siku ya arobaini, mwaka ule wa Operesheni Vijiji, likaja Landrova. Wakashuka mpima ardhi na bwana mmoja mwenye suti ya mikono mifupi. Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga hoteli. Sisi tungehamishiwa kijiji kipya upande wa Ulaya, Ulaya ya huku kwetu, si ile ya Wazungu; hilo lilikwisha kuamuliwa. Yule bwana aliuliza jambo moja tu, na aliuliza kwa adabu: je, pana makaburi, ili wayakwepe?

Kasiani alikuwa katikati ya utani wake, watu wamekwisha kulainika kwa kicheko. Akadakia kabla mzee yeyote hajafungua mdomo.

"Makaburi? Wasagara hawana makaburi, bwana. Akifa mtu wanamtupia fisi, kesho yake wanamchinja fisi kwa pilau."

Watu walivunjika mbavu. Mama alicheka. Hata mjomba Kondo, mkubwa wa ukoo wetu, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu mtani hasahihishwi. Anayebishana naye hadharani anajivua nguo. Tena tuliona ni upuuzi ulio wazi, nani angeuamini? Yule bwana naye alitabasamu, akashukuru, wakapanda gari. Kwao, nilikuja kusikia baadaye, watu hawataniani msibani. Makaburi yalikuwa nyuma ya kichaka cha minyaa, na hakwenda kutazama. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha.

Tulihamishwa kabla ya mvua. Hoteli ilipokwisha nikapata kibarua cha usafi, nikapewa na kitanda huko huko. Siku ya kwanza nilikwenda kuitafuta ile minyaa, nikakuta bwawa. Nilikaa chini kwenye vigae, msimamizi akadhani nimeshikwa na tumbo.

Mama hakujua. Miguu ilikuwa imemvimba, safari ya Mikumi asingeiweza. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, Kasiani alipita na baiskeli kutoka Kimamba, akasema anakwenda kumfagilia mtani wake kaburi, akarudi na vumbi mpaka kwenye kope. "Nimefagia," humwambia mama, na mama humpa uji. Nilijua anadanganya, na yeye alijua kuwa najua. Nikawa simwamkii. Mzee wa umri ule nampita bila shikamoo, mpaka mama akanigombeza mbele ya majirani.

Mwaka wa mwisho mama alilala asiinuke tena. Alitaka kitu kimoja: udongo wa kaburi la baba, utiwe ndani ya lake, maana kulala karibu naye kulikwisha kushindikana. Akamtuma Kasiani, si mimi. Kazi hiyo ni ya mtani.

Nilimkuta nyuma ya jiko la hoteli, kaegemeza baiskeli, ana mfuko wa kitambaa mkononi. Hakuwa na mzaha wowote. Aliniuliza udongo uliochimbwa kwenye bwawa ulimwagwa wapi. Nilimwonyesha kwa kidevu kile kilima cha Lukasi cha kupigia picha. Kilima kile hakikuumbwa na Mungu, kilimwagwa na malori.

Tulipanda wageni walipokuwa wanakula chakula cha mchana. Kasiani alipiga magoti akachimbua kwa panga. Kulikuwa na changarawe na mabonge ya simenti, kisha udongo mweusi wa kwetu. Panga likagonga bati. Alilitoa, akalifuta kwa kiganja. Kutu ilikuwa imelila, lakini tundu la msumari lilikuwa pale pale katikati. Aliliangalia kwa muda mrefu. Pembeni yake palikuwa na kitu kingine, cheupe, nami sikutaka kukitazama; alikifukia upesi kwa mikono miwili. Nilimchukia, na papo hapo nikamhurumia, na huruma hiyo ikanikasirisha zaidi.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Wazee wakijua, wangekwenda kudai. Bwawa wasingelifukia, najua, lakini kilima kingeweza kuzungushiwa uzio na kusomewa dua, watu waache kukipanda na viatu.

"Utasema mbele ya watu," nikamwambia. "Nikisema mimi wataniona nina chuki na mtani. Neno la mtani analifuta mtani mwenyewe."

"Nitasema siku ya mama yako," akajibu. "Mtani hadanganyi mbele ya jeneza."

Lile bakuli nilikaa nalo mimi. Udongo alimpelekea mama, naye aliunusa, akasema ndio wenyewe, akamwambia Kasiani Mungu amlipe. Alifariki wiki ile ile.

Jeneza lilipoinuliwa, Kasiani alitokea nyuma ya nyumba amejifunga kanga ya mama, anavuta miguu kama alivyokuwa akiivuta yeye. Watu wakaanza kucheka mapema. Alifika katikati ya ua, akalala chali, akaziba njia ya jeneza, kama watani wafanyavyo mpaka wapewe kitu.

"Wasagara wana makaburi," alisema kwa sauti kubwa. "Nilisema uongo. Yamechimbuliwa, Wazungu wanaogelea humo, na mtani wangu ni kilima, wanamkanyaga wakipiga picha. Fisi ni mimi."

Mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, na ua wote ukafuata. Wazee walishikana mabega. Kasiani akayarudia maneno yale yale, moja moja, na kila alivyorudia ndivyo walivyozidi kucheka.

"Anasema kweli," nikapaza sauti. Nikalitoa bakuli chini ya kanga yangu, nikaliinua wote walione. "Hili hapa. Tumelifukua pale hotelini."

"Haya, Kasiani," mjomba Kondo alisema, anajifuta macho. "Safari hii umekuja na bakuli kabisa, na mtoto wa marehemu umemfundisha."

Kisha akanisogelea, akaniambia sikioni, kwa upole, kwamba uchungu wa mama anaujua, lakini mtani hakasirikiwi, na jeneza limesimama juani. Nimpe kuku wake aondoke njiani. Kutoa kulikuwa juu yangu, kwa kuwa marehemu hakuwa na mtoto mwingine. Mtu alinishikisha kuku, miguu imefungwa kwa ukambaa. Mtani akishapokea chake, alilosema limekuwa utani.

Nilisimama juu ya Kasiani. Alikuwa ananitazama kutoka chini, anatikisa kichwa, midomo inasema usinipe, usinipe. Nyuma yangu waliobeba walikuwa wanabadilishana mabega.

Nikampa. Alimpokea kwa mikono miwili, akainuka na kusogea kando, analia kamasi zinamtoka, na wanawake wakagonganisha viganja wakisema tangu wazaliwe hawajaona mtani anayejua kulia kama huyu.