Uzi wa Mita Mbili

Bibi alikuwa akifuma sweta za shule kwa mashine. Mjukuu wake wa miaka sita, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, ndiye aliyekaa kushotoni kwake akimpokeza nyuzi. Miezi miwili nyuma mtoto alianza kufumba jicho moja na kuinamisha kichwa. Bibi alicheka mpaka akajipangusa machozi, maana yeye mwenyewe akitunga uzi kwenye sindano hufumba jicho vilevile.

"Ananiiga huyu," alimwambia binti yake, mama Chiriku. "Fundi kazaliwa."

Kumbe mtoto alikuwa anaona vitu viwili viwili.

Sasa mama na bibi walikaa mbele ya daktari, chini ya feni iliyogonga kila ilipozunguka. Chiriku alikuwa nje pamoja na muuguzi, akimuuliza kama mizani ya kupimia watoto huwa inachoka.

"Uvimbe uko kwenye shina la ubongo," daktari alisema. Alikuwa mwanamke mwembamba, kalamu mbili mfukoni. "Majibu ya kile kipande cha uvimbe tulichokitoa kupima yamerudi."

"Umetokana na nini?" mama aliuliza.

Daktari aliitazama mikono ya bibi, vidole vyenye sugu za uzi. "Bibi, wewe utanielewa. Kila seli ya mwili, ndogo kuliko chembe ya vumbi, ina uzi ndani yake. Ndiyo DNA. Ukiunyoosha unakaribia mita mbili."

"Mita mbili ndani ya vumbi? Na haujitatizi?"

"Haujitatizi, umezungushwa kwenye bobini, kama vile vigurudumu vyako vya uzi. Hizo bobini za mwilini ni protini, zinaitwa histoni. Uzi unazunguka bobini moja karibu mara mbili, unakwenda ya pili, ya tatu, mamilioni. Uzi ndio wenye maagizo ya mwili, na bobini zina vimkia vinavyowekwa alama: hapa pawe wazi pasomwe, hapa pafungwe."

"Na za mtoto wetu?"

"Histoni ya aina moja, kimkia chake kimekosewa mahali pamoja tu. Pa kufungwa pamebaki wazi. Seli zinasoma maagizo yaliyotakiwa kunyamaza, zinazaana bila kukoma."

"Nilimpa mimi?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo.

"Hapana. Si wewe, si babake. Kosa limezuka lenyewe."

Bibi alisogeza kiti. Katika maisha yake yote bobini mbovu haikuwahi kumshinda: unaufungua uzi taratibu, unauhamishia kwenye nzima, kazi inaendelea. Moyo ukamwinuka.

"Basi mwanangu, si mfungue, mtoe hiyo mbovu, mzungushe upya? Hata iwe kazi ya mwaka. Subira ninayo, nitakaa hapahapa."

Daktari hakucheka. "Seli ni mamilioni kwa mamilioni, bibi, na hatuna mkono unaofika huko. Hata kisu hakifai, zimejisokota na zile nzima. Tutampa mionzi. Atatembea vizuri, atakula."

"Halafu?"

"Halafu uvimbe utarudi. Wengi hawavuki mwaka."

Feni iligonga, ikagonga tena. Mama alikuwa ameushika mkoba wake kama mtu anayeogopa kuporwa.

"Na kama ningemleta siku ileile alipofumba jicho?" bibi aliuliza.

"Ingekuwa hivihivi."

Bibi alilisubiri neno lile limpoze. Halikumpoza. Aliona heri kosa lingekuwa lake. Kosa la mkono wake angejua pa kulitafuta.

Jioni Chiriku alisimama mbele ya mashine, mguu mmoja ukimlegea, akadai sweta yake mwenyewe, yeye si mtu wa kupokeza uzi tu. Bibi akamzungushia futi ya kupimia kifuani, akampima mkono kutoka begani. Watoto wote wa mtaa huwapima hivyo, kisha huongeza upana wa vidole vitatu, nafasi ya kukulia. Aliandika namba kwenye daftari, akaweka kalamu chini.

"Bibi, hujaongeza vidole."

"Sijaongeza."

"Si itanibana?"

"Ikikubana nitafuma nyingine," bibi alisema.

"Hiyo nyingine iwe nyekundu," Chiriku alisema. "Andika usisahau."

Bibi aliishika kalamu. Mtoto akasimama palepale, jicho moja amelifumba, akingoja kuona neno likiandikwa.