Povu Mdomoni mwa Radi

Kwanza ilikuwa sauti. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na sikuona hata zizi la mbuzi lililo karibu na mlango wa jiko. Lakini nilisikia kitu kikikoroma, kikikohoa, kisha kikivuta pumzi kama mtu aliyekwamwa na mfupa kooni. Nikasimama na kikombe cha chai mkononi. Sauti ilikuwa ya mbwa, na nyumbani kwetu mbwa walikuwa wawili, mmoja hataki kumwona mwenzake.

Nikadhani Kamanda amemuua Radi.

Kamanda alikuwa mbwa wa marehemu baba, mzee mwenye jicho moja zima na jingine jeupe, na chini ya kihenge cha mahindi palikuwa pake tangu nikiwa shule ya msingi. Radi, mbwa mchanga, nilimleta mimi, wiki ile ile, kutoka Bendera, kule tambarare. Nilimpandisha milimani ndani ya kiroba, kama tufanyavyo, ili asijue njia ya kurudi kwao. Nilipofungua kiroba uani alitoka kama jina lake. Alimpanda Kamanda mgongoni, akanywa maji yake, akawatawanya kuku, akamkimbiza paka wetu, Mwalimu, mpaka juu ya bati. Kamanda alimwonyesha meno mara ya kwanza. Mara ya pili alimkamata shingo na kumtikisa, nikamwokoa kwa ndoo ya maji.

Mwanaidi, mama wa Bendera aliyenipa mbwa huyo, alikuwa amenionya. Alisema nisimwingize kwa kishindo. Niwakutanishe njiani kwanza, nje ya boma, kila mmoja na kamba yake. Yule mzee ale kwanza na asalimiwe kwanza, na paka aachiwe mahali pa juu ambapo mbwa mchanga huyu hafiki. Nilimjibu kwamba Wapare wamefuga mbwa tangu zamani bila kufundishwa na watu wa tambarare. Alicheka, akaniambia, haya mshairi, kamtungie beti basi.

Nami nikamtungia. Nilimsomea Radi uani, mtoto wa dada yangu, Agape, akishangilia:

Karibu mgeni wetu, usiogope nyumbani,
Kamanda mzee wetu, mwamkie mlangoni.

Radi aliniuma kifundo cha mkono kwa furaha. Akamrukia na Agape, jino likamkwaruza kidole gumba. Damu ilitoka kidogo tu, na wote wawili tulicheka.

Shairi liliposhindwa nikaenda kwa babamkubwa Aminieli. Yeye alisema kosa langu ni dogo: mnyama mgeni hanuki nyumba. Zamani dume jipya likinunuliwa, mwenye boma alijaza dengelua mdomoni, ile pombe yetu ya miwa, akawapulizia mgeni na wenyeji kwa pamoja, akawapaka wote machicha ya ndoo moja. Wakanuka kitu kimoja, wakala pamoja. Nilipenda maneno hayo kwa sababu yalikuwa yetu. Jumamosi mama alipokwenda kanisani kwenye kikao cha wazee wa usharika, babamkubwa alikuja na ndoo, tukafanya. Kamanda alipiga chafya akarudi chini ya kihenge. Mwalimu alitoweka. Radi peke yake ndiye aliyefurahi, akajilamba mpaka mkia. Babamkubwa alisema turudie mpaka wakubaliane, akaniachia ndoo. Nikaificha nyuma ya zizi, nikaifunika kwa jani la mgomba na jiwe juu.

Kuificha ilikuwa lazima. Pombe haikuwa imeingia bomani mwa mama tangu tumzike baba, na kila mtu alijua kwa nini.

Sasa, katika ukungu, nikaifuata ile sauti. Nikamwona Radi karibu na mlango wa zizi, na Kamanda hakuwapo. Radi hakuwa na jeraha. Alikuwa amesimama miguu imepanuka kama meza mbovu, kichwa kikining'inia, na mdomoni mwake lilitoka povu jeupe lililonyooka mpaka ardhini. Nilimwita. Aligeuka upande usio wangu. Akapiga hatua, miguu ya nyuma ikamkataa, akaanguka, akainuka, akauma hewa.

Kikombe kilinitoka mkononi.

Mwaka juzi, bonde la pili kutoka kwetu, mbwa alitembea hivyo. Alimuuma kijana wa rika langu aliyekuwa akichimba tangawizi, kijana mwenye nguvu, naye akaona ni aibu kupelekwa hospitali kwa jino la mbwa. Tulimsikia siku za mwisho kabla hatujafika nyumbani kwao. Alikuwa akiomba maji, na akiletewa maji anapiga kelele. Nilikwenda kumsalimia na sikuvuka mlango.

Nilitazama kifundo changu cha mkono. Kovu lilikuwa jekundu, dogo, kama la mwiba. Kisha nikakumbuka kidole gumba cha Agape.

Nilimwita mama kwa sauti ambayo sikuijua. Alitoka, akaona, akarudi ndani, nikasikia komeo la chumba cha Agape. Aliporudi hakulia wala hakuuliza. Alisema tu kwamba mtoto haruhusiwi kutoka, na kwamba mimi nisimguse yule mnyama. Jirani yetu, mzee Sifael, alikuwa akipita na jembe kwenda kwenye mfereji, zamu yake ya maji ilikuwa imefika. Alichungulia juu ya ua wa mimea ya masale, akasahau maji.

"Hicho ni kichaa," alimwambia mama. "Raheli, usikae karibu."

Mama akamwambia kwamba Agape amekwaruzwa. Mzee Sifael alivua kofia. Kisha akang'oa mpini kwenye jembe lake na kuingia uani taratibu, akinipita mimi kana kwamba sipo.

Hilo ndilo lililoniponza. Nilimshika mkono nikamwambia mbwa wangu hauawi na mtu mwingine. Aliniangalia juu mpaka chini, akaniwekea mpini mkononi.

"Haya, mwanamume. Kichwani, na mara moja."

Nilikuwa nimesema kwa kiburi, na sasa kiburi kilikuwa na uzito wa mti wa mgunga. Radi alikuwa amelala ubavu. Aliponiona, mkia wake ulipiga ardhi mara moja, ukaacha. Nyuma yangu Agape alikuwa dirishani akimwita Radi, akiuliza mjomba anafanya nini. Nilimwogopa Radi. Sitaficha hilo: nilimwogopa mnyama ninayeweza kumbeba kwa mkono mmoja, niliogopa povu lake, niliogopa kwamba nikimkosa pigo la kwanza atainuka. Na niliogopa zaidi kwamba sitamkosa.

Niliinua mpini.

Kamanda akatoka chini ya kihenge. Alikuja polepole, kiuno kikiwa kigumu, akapita kati ya miguu yangu na mbwa mchanga yule aliyekuwa akimchukia. Nilimkaripia arudi. Akainamisha pua mdomoni mwa Radi, akanusa kwa muda mrefu, kisha akaanza kulamba lile povu.

"Sasa ni wawili," mzee Sifael alisema kwa upole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Mama alifunika uso kwa khanga. Kamanda alikuwa kitu cha mwisho cha baba kilichokuwa bado kinapumua pale nyumbani.

Kisha Kamanda akapiga chafya. Chafya moja, mbili, kichwa kikitikisika mpaka masikio yakapigana. Nilikuwa nimeisikia chafya ile Jumamosi. Akaufuata ukuta wa zizi, pua chini, akapotea nyuma yake, na tukasikia ndoo ikikwaruza juu ya jiwe.

Palipita kitambo kati ya sauti ya ndoo na sauti yangu. Kilikuwa kifupi, lakini nilikuwamo ndani yake na nilikiona chote. Nilijua kilichomo katika ndoo ile. Nilijua vilevile kwamba nikinyamaza, mpini ukashuka, mzee Sifael atachimba shimo, na mama hataambiwa kamwe kwamba mwanawe alileta pombe nyumbani kwake. Mikono yangu ilikuwa bado juu.

Nikaishusha.

"Mama, Radi amelewa. Kuna dengelua nyuma ya zizi. Ni mimi niliyeileta."

Nikapiga magoti. Mwili wote ulikataa, lakini niliinama mpaka pua yangu ikakaribia mdomo wa Radi, macho nimefumba, nikisubiri meno. Hayakuja. Ilikuja harufu ya Jumamosi, tamu na kali, harufu ya shati la baba.

Mzee Sifael alikwenda nyuma ya zizi. Alirudi akasema jiwe limesukumwa, jani limechanwa, na ndani ya ndoo pombe imebaki kidogo tu. Lakini hakutaka mpini wake bado. Alisema mlevi na mwenye kichaa hutembea mwendo mmoja, na mbwa anaweza kuwa vyote viwili. Mama akaleta bakuli la maji, akaliweka mbali kidogo na kurudi nyuma. Radi alilitazama. Alijikokota kwa tumbo, akaingiza mdomo wote majini, akanywa, akatapika, akanywa tena.

Mzee Sifael akavaa kofia. Alisema kunywa maji si cheti. Afungwe kamba, mtu asicheze naye, na bwana mifugo amwone. Kabla hajatoka aliniambia kwamba yeye amewahi kumwona babamkubwa Aminieli akimpulizia pombe ng'ombe mgeni, na ng'ombe yule alimvunja mbavu.

Nikabaki na mama. Alikuwa amemwaga ile ndoo kwenye shimo la taka na kuigeuza chini juu.

"Ulipoisikia ndoo," alisema, "ulikaa kimya kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unahesabu nini?"

Alinitazama mpaka nikaangalia chini, kisha akaenda kumfungulia Agape.

Hofu haikuondoka. Ilibadilika sura tu. Radi alianza kutetemeka, masikio yakawa baridi, na pumzi zake zikawa zinakatika, inapita moja halafu unasubiri nyingine kama mtu anayesubiri mvua ya vuli. Nilipiga simu Bendera. Nilimwamkia Mwanaidi kama anavyostahili, shikamoo mama, nikamweleza yote bila kuruka kitu. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Alisema nimfunike, nimlaze kwa ubavu, nisimmiminie kitu chochote mdomoni, na nimtafute bwana mifugo bila kuchelewa. Mama yake Radi amechanjwa, lakini Radi mwenyewe alikuwa bado mdogo, kwa hiyo jino lake lisidharauliwe. Sisi wawili tuoshe vidonda kwa sabuni na maji mengi, twende hospitali, mimi na mtoto, hata kama mbwa ataamka anacheza. Kisha akaniuliza yule mbwa mzee yuko wapi.

Nikageuka. Kamanda alikuwa amelala chini ya kihenge, mahali pake, na mgongo wake ulikuwa umegusana na mgongo wa Radi. Sikuwa nimemweka Radi pale. Alijiburuta mwenyewe, au aliburutwa, sijui. Juu yao, kwenye boriti, Mwalimu alikuwa amekaa na mkia umezunguka miguu yake, akiwatazama wote wawili kwa dharau.

"Amelala naye," nikamwambia.

Mwanaidi akasema, "Basi usiwaguse. Na kesho Kamanda ale kwanza."

Bwana mifugo alikuwa Same mjini na alisema tumpelekee huko. Gari la kushuka lilikuwa limeshaondoka alfajiri na jingine lingepita mchana. Tukakaa kulisubiri. Ukungu uliinuka, tambarare ikaonekana chini kabisa na barabara kuu kama uzi. Tulikuwa tumeshaosha mikono kwa sabuni mpaka ngozi ikawaka. Agape alichuchumaa nje ya ile kamba niliyoifunga kuzunguka kihenge, asiivuke, akihesabu pumzi za Radi kwa vidole. Aliniuliza kama atakufa. Nilimwambia sijui. Aliniuliza kama yeye atakufa. Nilimwambia hapana, kwa sababu tunakwenda kuchomwa sindano, na hiyo ndiyo kazi ya sindano.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Kufa hakukumtisha kama sindano. Alianza kulia kimya kimya, kidole gumba kikiwa kimefichwa ndani ya ngumi. Mimi mwenyewe tangu utoto sijawahi kuitazama sindano ikiingia. Siku ya chanjo ya shule nilikwenda kujificha katika shamba la miwa, na mama anajua.

Mama alikuwa mlangoni, amevaa viatu vya safari, akisikiliza.

Nikamfungua Agape ngumi ile kidole kwa kidole.

"Mimi nitachomwa kwanza," nilimwambia. "Nitanyoosha mkono, sitafumba macho, na wewe utakuwa umenishika huu mwingine. Nikikimbia, mwambie bibi yako, naye aliambie kanisa zima. Nakuahidi, Agape, mbele yake."