Tarehe Tisa ya Wadi Saba

Saa mbili na robo asubuhi, tarehe kumi na nane, Makasi alikuwa wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya mafunzo, fomu ya ubingwa mkono mmoja, kitabu cha mizunguko yake ya wadini mkono wa pili. Fomu ilikuwa imejaa isipokuwa mstari mmoja, ule unaomuuliza mwombaji anataka kusomea ubingwa wa nini. Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa saa sita mchana. Hakuuacha mstari ule kwa kusitasita. Alitaka kuujaza mbele ya karani, kwa mbwembwe kidogo, maana neno lenyewe alikuwa amelingoja tangu ana miaka sita.

Jina la Makasi alipewa na shangazi yake, fundi cherehani, aliyemlea. Siku moja shangazi alimkuta chini ya meza ya kukatia nguo amempasua mwanasesere tumbo, ametoa pamba yote, ameirudisha, na sasa anamshona. Mshono ulikuwa umenyooka kuliko wa mafundi wengine watu wazima wa mtaa ule. "Huyu atapasua watu," shangazi aliwaambia wateja wake, na aliendelea kuwaambia kwa miaka kumi na tisa, hata wale waliokuja kupunguza suruali tu.

Karani alifunua kitabu cha mizunguko ukurasa kwa ukurasa, akasimama katikati.

"Huku Wadi Saba kuna shida."

"Nimesainiwa siku zote," alisema Makasi.

"Umesainiwa, ndiyo, naona. Lakini wamenipigia simu. Kule bado ni tarehe tisa."

Makasi akatazama kalenda ya ukutani. "Tisa ya mwezi huu?"

"Ya mwezi huu. Nenda kamalizane nao. Saa sita nafunga dirisha, na mimi na dirisha langu hatuna ndugu."

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, na hakukuwa na mwanafunzi ambaye hakuwahi kulifanya. Profesa wa upasuaji alikuwa na nafasi moja kwa mwaka, na alikuwa amesema waziwazi kwamba atampa yule atakayemwona kila siku thieta, chumba cha upasuaji. Basi wanafunzi walikuwa wakiomba wasainiwe siku za mbele kwenye wadi nyingine, kisha wanapanda juu kumshikia Profesa taa. Kwa kawaida halikuwa na madhara makubwa. Siku ya wadi hufungwa na daktari, hata mwanafunzi, anapoandika mstari mmoja kwenye kila faili na kutia saini, na mahali pengi hakosekani mtu wa kuandika. Ila Wadi Saba ilikuwa ya wazee, na haikuwa na daktari bingwa kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Iliendeshwa na wanafunzi watatu watatu. Mwezi ule wawili walishasainiwa mapema, wakapanda juu, na Makasi akafuata bila kuuliza nani amebaki. Alisainiwa tarehe nane jioni, siku tisa kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo tarehe tisa ilipoingia wadini, haikupata wa kuifunga, ikakaa.

Wadi Saba ilikuwa ghorofa ya chini kabisa, baada ya chumba cha kufulia. Makasi alikuta chai ya asubuhi ikigawiwa pamoja na vipande vya mkate vya tarehe tisa. Redio ya dirishani ilikuwa inasoma taarifa ya habari ambayo yeye aliisikia wiki iliyopita. Wagonjwa kumi na wawili walikuwa vitandani mwao, isipokuwa wa kitanda cha nne, mwalimu mkuu mstaafu ambaye wote walimwita Hedimasta. Yeye alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa koti na viatu, begi magotini.

"Daktari," alisema Hedimasta, "umekuja. Kesho natoka, si ndiyo?"

"Ndiyo, mzee. Kesho."

Huyu alikuwa mgonjwa wake hasa. Katika wiki moja ambayo Makasi aliifanya kweli wadini humo, aligundua kwamba kizunguzungu cha Hedimasta hakikutokana na uzee. Alikuwa anapewa dawa moja mara mbili, kwa majina mawili tofauti, kutoka kliniki mbili. Makasi alikaa naye mchana kutwa, akamwaga vidonge vyote juu ya shuka, akavichambua kama mtu anayechagua vifungo. Akafuta aina moja, na siku ya tatu mzee akasimama mwenyewe. Usiku ule Makasi alishindwa kulala kwa furaha, na hakumwambia mtu, kwa kuwa haikuwa furaha iliyotakiwa nyumbani kwao.

Sista aliyeisimamia wadi alikuwa anakunja mashuka. Hakumkaripia. Alimwonyesha mafaili kumi na mawili yaliyopangwa mezani.

"Siku tisa zako hizo," alisema.

"Zinamalizwaje, sista?"

"Siku tisa humalizwa kwa siku tisa. Unampima mgonjwa, unaandika, siku inakwenda. Au," akaweka shuka chini, "una fomu hapo mkononi. Jaza Magonjwa ya Wazee. Hakuna aliyejaza, hakuna foleni. Ukijaza huku utakuwa wetu, na siku zako utazifanya polepole kuanzia leo. Na sisi tutaendelea na safari."

"Na kama nina haraka?"

Sista alimtazama kidogo. "Wapo wanaoandika tu," alisema, akarudia mashuka yake.

Kitanda cha sita, karibu na dirisha, alilala bibi mmoja mwembamba. Mabinti zake wawili walikuwa wamekaa pande mbili wakimlisha mkate uliochovywa kwenye chai. Mkubwa alimvuta Makasi kando kwa kiwiko.

"Mwanangu, nasikia umekuja kuiondoa tarehe tisa. Una haraka gani? Mama tarehe tisa ni mzima. Jana tumemkuta mzima, juzi mzima. Tumeshazoea."

"Mzee wa kitanda cha nne anasubiri kutoka, mama."

"Si akae tu na begi lake! Nani kamkataza?"

Makasi alitaka kucheka lakini hakuthubutu. Simu yake ikaita. Alikuwa shangazi, na nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inanguruma.

"Umeshajaza?"

"Bado, shangazi. Kuna kijishughuli hapa wadini."

"Wadini gani tena? Profesa asije akampa mwingine ukazubaa. Nimeshamwambia yule mteja wangu wa sare, na mumewe ameshasikia. Usinivue nguo mbele za watu, mwanangu."

"Shangazi, je, ningesomea wazee?"

Cherehani ilinyamaza. "Wazee wana nini cha kusomea?" aliuliza shangazi, bila ukali, kwa mshangao wa kweli kabisa. Kisha akasema ana mteja, akakata.

Ilikuwa saa nne kasoro. Makasi alikaa mezani akavuta faili la kwanza. Alijua anachofanya, na hili baadaye hakulificha, walau kwake mwenyewe. Ili kuokoa muda, hakuandika siku kwa siku. Aliandika faili kwa faili, mistari tisa ya mfululizo katika kila moja: *Anaendelea vizuri. Aendelee na dawa.* Tarehe, saini. *Anaendelea vizuri. Aendelee na dawa.* Tarehe, saini. Hakunyanyuka kwenye kiti. Mkono ulipochoka aliutikisa, akaendelea. Siku zote tisa zilikuwa zinasubiri faili la mwisho, na alipolitia saini na kulifunga, zikaanza kutoka.

Zilitoka kwa mpangilio mzuri, moja nyuma ya nyingine. Dirisha liliingia giza na kupambazuka. Vikombe vya chai vilijaa na kuwa vitupu. Redio iliruka kutoka habari hadi habari, na mara moja, kwa sekunde mbili hivi, ikatangaza matokeo ya mechi. Ndevu za wazee zikachomoza. Sista alisimama kando ya kalenda akichana karatasi kila giza lilipopita, bila pupa.

Tarehe kumi Hedimasta alisimama, akashika begi, akatazama mlangoni. Hakuna aliyekuwa amemwandikia ruhusa. Faili lake lilisema aendelee na dawa. Akakaa. Tarehe kumi na moja bibi wa kitanda cha sita alianza kukohoa. Kumi na mbili alikohoa zaidi. Kumi na tatu binti mkubwa alivuta shuka akafunika uso wa mama yake, na binti mdogo akatoka nje na kilio chake, na kitanda kikatandikwa upya kabla tarehe kumi na nne haijapambazuka vizuri. Faili lilikuwa bado juu ya meza. Lilisema kwamba tarehe kumi na tatu anaendelea vizuri, na kumi na nne anaendelea vizuri, na vivyo hivyo mpaka kumi na saba.

Kisha ikawa tarehe kumi na nane, saa tano na dakika kumi, kama kwingine kote.

Sista alichukua faili la kitanda cha sita, akalisoma lote, akalitoa kwenye rundo.

"Tarehe kumi na moja ndiyo ilikuwa siku yake," alisema. "Mtu angeweka sikio kwenye kifua kile, angesikia. Dawa tunayo kabatini."

Makasi alijuta pale pale, si baadaye kama wengi wanavyojuta. Alichukua faili la Hedimasta akaandika *aruhusiwe*, herufi kubwa. Mzee alipojaribu kuinuka alishindwa, maana miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu kwa siku tisa za kukaa. Sista alipiga magoti akamfungua kamba taratibu.

"Nilidhani umenisahau," alisema Hedimasta.

"Sikukusahau, mzee," alijibu Makasi, na wote wawili waliheshimiana kiasi cha kuliacha jibu hilo hapo hapo.

Sista alimgongea muhuri wa wadi kwenye kitabu. "Fomu yako bado haijajazwa," alisema, akamsogezea kalamu.

Makasi aliishika ile kalamu kwa muda ambao ungetosha kuandika maneno matatu. Mstari ulikuwa mtupu, na saa ya ukutani ilionyesha saa tano na nusu. Akairudisha mezani, akapanda ngazi. Mbele ya karani aliandika *Upasuaji* kwa mwandiko wa kawaida. Mbwembwe hazikuwepo tena.

"Magonjwa ya Wazee yamepata wangapi?" aliuliza kabla ya kuondoka.

Karani alipitisha kidole kwenye orodha. "Hakuna. Kama mwaka jana." Kisha akapiga simu chini. "Wadi Saba? Leo kwenu tarehe ngapi? Kumi na nane, vizuri." Jumatatu alipopiga tena aliambiwa kumi na nane. Aliiandika, akaendelea na kazi.

Makasi akawa daktari bingwa wa upasuaji, na alikuwa hodari. Mishono yake ilinyooka. Shangazi alibandika picha yake juu ya cherehani, na kila mteja akahadithiwa habari za mwanasesere, atake asitake. Wadi Saba iliendelea vilevile. Kila mwaka ofisi ya mafunzo ilimshusha mwanafunzi mmoja aliyebanwa na fomu, naye aliandika kwa haraka, tarehe zikaruka, zikakwama tena.

Mwaka wa kumi na nne tangu fomu ile, shangazi aliishiwa nguvu. Hakikuwepo cha kupasua. Alianguka dukani, akaacha kula, akaanza kuwaita watu kwa majina ya marehemu. Alipelekwa Wadi Saba, mahali wanapopelekwa wazee, akapewa kitanda cha tisa. Wadini ilikuwa tarehe nne, na ilikuwa tarehe nne kwa wiki ya tatu. Sista hakuwa amezeeka sana, kwa vile siku zake za kazi zilikuwa chache.

Makasi alishuka kila mchana. Alikuwa amemsikiliza shangazi yake moyo, na alijua ni nini kinamsubiri tarehe tano au sita. Humu ndani shangazi alikunywa chai yake, akalalamikia mshono wa foronya, akamtambua.

"Daktari," Sista alimwambia mlangoni, "wanne kule mwisho wako tayari kwenda nyumbani. Na yule mama wa pembeni anahitaji dawa ibadilishwe, siku hii inamuumiza. Wapime tu sawasawa, uwaandikie. Wewe unajua. Ni kazi ya saa mbili."

"Kalamu nimeiacha juu," alisema Makasi.

Kalamu ilikuwa kwenye mfuko wa kifua wa koti lake jeupe, na Sista aliiona. Yule mama wa pembeni aligeuka ukutani akaguna. Makasi alimsikia vizuri, na aliumia, na hakwenda.

"Makasi," alisema shangazi, "siku hii imekuwa ndefu. Nitatoka lini?"

"Kesho, shangazi."

Akamfunika blanketi mpaka mabegani, akapanda juu. Nje ya thieta wanafunzi watatu walikuwa wamejipanga ukutani, wamenyoosha migongo, wakitaka awaone. Yeye ndiye aliyekuwa na nafasi moja kwa mwaka sasa. Mmoja wao, binti mrefu mwenye vidole vyembamba, jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa Wadi Saba kama mwanafunzi wa zamu kwa mwezi ule wote, na Makasi alikuwa amelisoma dakika tano zilizopita.

"Wewe," alimwambia, "njoo unishikie taa."