Ukurasa Ambao Wakubwa Hawakuusoma

Habari ya vumbi la kiwanda ilipigwa chini mara ya tatu, na mwandishi aliyeiandika akahisi kichwa kinawaka moto. Dada yake alikuwa akifunga mifuko katika kiwanda kile cha saruji. Alikuwa akikohoa mpaka anashika ukuta, na kampuni ilishawaambia wanawake wa zamu yake kwamba asiyeweza vumbi aende zake.

"Mdogo wangu, hao wenye kiwanda ndio wanaolipia tangazo la ukurasa wetu wa nyuma kila siku," mhariri alimwambia bila kumtazama. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Uzazi ungalipo! Mwandishi alitoka amefura.

Kwenye kona karibu na choo alikaa Bi Barua, mama aliyepanga barua za wasomaji. Kila jioni kurasa zote zilipanda ghorofani kukaguliwa na mkuu wa matangazo, isipokuwa wake. Kwa wakubwa, barua zilikuwa malalamiko ya mitaro na mbwa, na mtu mzito hasomi mitaro.

"Mwanangu, acha kununa," Bi Barua alimwambia. "Dada yako anajua kuandika?"

"Anajua, Mama."

"Basi aandike mwenyewe."

Dada aliandika barua. Wenzake thelathini na mmoja wakatia majina yao kamili, wakijua kazi inaweza kuota mbawa. Bi Barua hakugusa hata nukta, akaiweka juu kabisa ya ukurasa wake.

Kulipokucha, mji mzima ulikuwa umeisoma kabla wakubwa hawajanywa chai. Barua za hasira zikamiminika kutoka kila mtaa, na siku ya nne kampuni, kwa aibu tu, ikawapeleka wanawake wote kupimwa mapafu. Bi Barua akahamishiwa stoo ya magazeti ya zamani.

Ndugu wale wawili walimfuata huko, wakamkuta anafunga marobota kwa kamba.

"Mama, tumekuponza," mwandishi alisema.

"Mmeniponza nini? Huku kuna dirisha."

Dada akasogea. "Daktari kasema nimewahi. Ningekaa miezi michache zaidi mle ndani, Mama..." Aliishika mikono ya yule mama, akakaa nayo hivyo, machozi yakimtoka.

Moyo wa mwandishi ulijaa shukrani. Akavua koti, akainama, akaanza kubeba marobota.