Neno Alilolisahau Nesi

Nesi wa kiwanda cha mbao alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Wafanyakazi walisema akikusafisha kidonda, unatubu hata dhambi ambazo hujazitenda. Chumba chake cha huduma ya kwanza kilikuwa kati ya stoo na choo, dirisha likitazama uwanja wa magogo. Chochote alichokipangusa asubuhi, kufikia saa nne kilikuwa kimeshavaa unga wa mbao.

Mwaka ule wakubwa walikubali, baada ya kusumbuliwa sana, kununua sanduku jipya la dharura. Bandeji, glavu na mikasi havikumpa shida. Kilichomnyima raha ni mkanda wa kuzuia damu, ule unaofungwa juu ya jeraha la mguu au mkono damu inapobubujika. Kabla ya kuja pale alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye wodi ya majeruhi, na alijua kwamba mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja hangojei gari. Ana dakika chache tu, basi.

Mtu wa stoo akamletea mikanda ya aina tatu, achague. Nesi akafunga mlango, akapandisha gauni, akaijaribu kwenye paja lake mwenyewe. Wa kwanza ulikuwa mpira mwembamba. Ulimkata ngozi, lakini alipoweka vidole nyuma ya kifundo cha mguu, mshipa ulikuwa bado unapiga. Wa pili ulikuwa wa kitambaa kipana, una kijiti cha plastiki cha kuukaza. Alikizungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kikakatika na kipande kikagonga ukuta. Wa tatu ulifanana na wa pili kwa kila kitu, rangi hadi mshono. Huo aliukaza mpaka machozi yakamlenga, na mshipa wa kifundo ukanyamaza kimya.

Mtu wa stoo alibisha. Alisema hiyo miwili ni mapacha, kwa nini ahangaike kutafuta ule usiopatikana kirahisi.

"Ni mapacha," Nesi akamjibu, "ila mmoja kazaliwa mfu."

Ikaagizwa mikanda minne ya aina ile ya tatu. Siku ilipofika, Nesi aliwaita nyapara na waendesha misumeno, akawafundisha. Nyapara, pandikizi la mtu, alijitolea paja lake, na kijiti kilipozunguka mara ya pili akaanza kumwita mama yake marehemu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nesi hakucheka. Aliwaambia kuwa mkanda usipouma haujafungwa, na kwamba ukishafungwa haulegezwi na mtu yeyote ila daktari. Wapangaji mbao wa uwanjani aliwaahidi zamu yao wiki inayofuata. Wiki hiyo ikaja na mvua, ikaja na oda kubwa, ikapita. Na nyingine vilevile.

Miongoni mwa waliofundishwa alikuwamo Chuma, mwendesha msumeno mkubwa, miaka kumi na tano kazini na vidole vyake vyote kumi. Mdogo wake alikuwa mmoja wa wapangaji mbao. Wazazi wao walikufa mapema, Chuma akamlea, akamsomesha alipoweza, akamtafutia kazi. Hata sasa, mdogo mtu akiwa na ndevu zake, Chuma alikuwa akimwekea kola sawa mbele za watu. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Mdogo wa Chuma, imetosha.

Ilikuwa Jumanne, jua limeshapanda. Gogo lililoletwa asubuhi ile lilikuwa na msumari mkubwa ndani, msumari ambao mti uliumeza miaka mingi iliyopita hata haukuonekana. Msumeno ulipoukuta, diski ilipasuka. Kipande kimoja kilimwingia Chuma pajani. Kingine kilimpiga taya mzee aliyekuwa akipokea mbao upande wa pili, na mzee katika kuanguka akaliangusha rundo la mbao, likamlalia.

Nesi alifika na sanduku akikimbia. Damu ya Chuma ilikuwa imeshatengeneza dimbwi kwenye unga wa mbao. Aliufunga mkanda juu ya jeraha, karibu na nyonga, akakaza, akakaza tena, Chuma akilia kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumsikia nayo. Damu ikakatika. Akaandika kwenye mkanda, kwa kalamu ya wino mzito, saa aliyoufunga. Hapo mzee akaanza kukoroma, damu imemjaa kinywani, na rundo bado liko juu ya miguu yake. Nesi ilimbidi akamshike kichwa asipaliwe, huku wanaume wakiinua mbao moja moja.

Pikapu ya kiwanda haikuweza kungoja. Chuma akapakiwa nyuma, na mdogo wake akarukia, akakiweka kichwa cha kaka yake mapajani. Nesi, mikono yake ikiwa kwenye taya la mzee, alimpigia kelele kwamba azungumze naye njia nzima, asimwache asinzie. Pikapu ikaondoka.

Mzee alipona. Nesi alipomfikisha hospitali, alimkuta Chuma ameshafunikwa shuka. Muuguzi mmoja aliyefanya naye kazi zamani akamvuta pembeni, akamweleza kwamba mgonjwa aliletwa mweupe kama karatasi, hana damu ya kumfufua. Mkanda ulikuwa mguuni, lakini umelegea.

Siku tatu Nesi aliuwaza mkanda ule. Alikuwa ameuchagua mwenyewe, amewabishia watu kwa ajili yake. Aliuomba ule mkanda hospitali, akapewa ndani ya mfuko. Akauosha, akajifungia chumbani mwake, akaufunga kwenye paja lake. Haukuteleza. Kijiti kilikuwa kizima, ndoano ya kukishikilia nzima. Akaufungua, akaurudisha kwenye mfuko.

Jibu alilipata msibani. Alikuwa ameketi na wanawake karibu na mjane wa Chuma, na upande wa pili wa ukuta wanaume walikuwa wakizungumza. Sauti ya Mdogo wa Chuma ikapenya. Alikuwa akiwasimulia jinsi kaka yake alivyoteseka njiani. Alisema ule mkanda ulimuuma kuliko jeraha lenyewe, alikuwa akimsihi, akimwita kwa jina lake la utotoni. "Nikamlegezea kidogo apumue," alisema. "Akatulia. Akanishukuru." Mtu mmoja akanung'unika kwamba vitu hivyo vya kubana watu kama magunia vitupwe. Wengine wakaitikia.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ilimjia Nesi kichwani, na hapo hapo akaionea haya. Maana alikumbuka alichompigia kelele yule kijana uwanjani. Alimwambia azungumze, alimwambia asimwache asinzie. La mkanda hakulisema.

Angeweza kunyamaza. Msiba ungepita, kijana angebaki na faraja yake kwamba alimpunguzia kaka yake maumivu. Lakini mikanda mitatu ilikuwa imebaki sandukuni, watu walitaka itupwe, na misumeno ilikuwa imeshawashwa tena. Wiki moja baada ya maziko alimwita chumbani kwake. Kijana alikaa ukingoni mwa kitanda cha wagonjwa, kofia mkononi. Nesi alimweleza polepole kazi ya mkanda, na kwamba maumivu yale ndiyo dalili kuwa unafanya kazi. Kabla hajafika mwisho, kijana alikuwa amefika.

"Kwa hiyo nilimuua mimi."

"Ulikuwa hujui. Aliyekuwa anajua ni mimi, na sikukwambia."

"Nimekuuliza kama nilimuua."

Nesi alimtazama, akaona hapa hakuna pa kujificha. "Ungeuacha, huenda angefika mzima," alisema. "Mguu labda wangeukata. Yeye labda angeishi."

Kijana aliinuka. Halafu akavaa kofia, akatoka, akarudi kwenye mbao zake. Alipanga mpaka kengele ya kutoka.

Ijumaa Nesi alikusanya kiwanda kizima, wapishi na walinzi pia. Alikuwa amepanga kusema tu kwamba mkanda ulilegezwa njiani, asitaje ni nani. Alipofika hapo mtu mmoja akasimama nyuma.

"Ni mimi," alisema Mdogo wa Chuma. "Alilia nikashindwa kuvumilia. Na wa kwenu atalia, mtamwonea huruma. Msimwonee."

Akapita katikati ya watu, wakimpisha, akatoka nje ya geti. Nesi alitaka kumfuata. Nyapara akamshika mkono, akamwambia amwache. Hakurudi kazini siku hiyo wala baada yake. Walisema anabeba matofali mahali fulani, wengine walisema amehama kabisa.

Mwezi ulipoisha Nesi alikwenda kumjulia hali mjane wa Chuma. Alimkuta anafua mlangoni, beseni moja, nguo za watoto tu. Walizungumza habari za shule na paa linalovuja. Mwishowe mjane akasema, bila kuinua macho kwenye povu, kwamba shemeji yake alikuja kwake Ijumaa ile ile, akamweleza yote akiwa amesimama, akakataa kiti.

"Ukamwambia nini?" Nesi akauliza.

Mjane alikamua shati dogo, akalikung'uta, akalitundika kambani. "Nilimkaribisha chakula, hakula," alisema. "Nikamwambia aje tena nikishapata la kusema. Bado sijalipata."

Nesi akakunja mikono ya gauni, akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akaanza kusuuza.