Nguzo Moja, Milango Mitano

Mtaa mzima ulimwita Randa, na jina hilo alilipata kihalali. Tangu utotoni alimfuata baba yake karakanani kama mkia, na kabla hajajua kukoroga uji usio na madonge alikuwa tayari anajua kulainisha ubao kwa randa mpaka ukateleza kama sabuni. Sasa watoto wake walikuwa wameshajitegemea, mumewe alikuwa dereva wa lori anayeonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, na karakana ya uani ilikuwa mikononi mwake. Baba mtu alikuwapo bado, lakini masikio yake yalikuwa yamestaafu kabla ya mikono.

Kisa cha masikio hayo kilikuwa kimekaa pale pale, pembeni mwa uani, juu ya matofali mawili: jenereta. Lilinguruma kutwa, likitoa moshi mweusi, na lilikunywa mafuta kama mgeni asiyejua kwamba wenyeji nao wana shida. Kila Randa alipouza kitanda, sehemu nono ya faida ililirudia dude lile. Mwaka huo akasema basi. Akaanza kuweka akiba ya kuvuta umeme, na akiba ilipofikia faida ya vitanda saba, akamwita fundi.

Hesabu zake zote alizifanya kwa vitanda. Pesa zilimchanganya, zinapanda na kushuka thamani, lakini kitanda alikijua: anajua mgongo unauma kiasi gani mpaka kiishe.

Fundi umeme aliitwa Shoti. Watu wengi waliogopa kumpa nyumba zao kwa sababu ya jina hilo, naye kila mara alilazimika kueleza kwamba alipewa kwa ajili ya kimo chake, wala si kazi yake. Alivuta futi kutoka nguzo ya mwisho ya barabarani mpaka mlango wa karakana, akarudi akiguna.

"Mama, maombi na mita havina neno," alisema. "Nyaya za ndani, swichi kuu, waya mnene wa mashine, chuma cha kuzamisha ardhini, hapo utaumia kidogo. Ila tatizo lako liko kule." Akanyoosha kidole barabarani. "Nguzo iko mbali. Lazima iongezwe nyingine katikati, na hiyo unailipia wewe."

Alipotaja jumla, Randa aliigeuza kichwani. Vitanda tisa. Na nguzo peke yake ilikula vinne.

"Tutoe hicho chuma cha ardhini," alijaribu.

"Hicho ndicho kitakachokufanya uwaone wajukuu."

"Basi waya uwe mwembamba kidogo."

"Waya mwembamba kwa msumeno ule ni sawa na kumtwisha mtoto gunia la simenti. Utachoma karakana."

"Basi punguza ufundi wako."

"Mimi nimeshapunguzwa na Mungu, mama. Ukipunguza tena, hutaniona."

Randa alicheka bila kupenda. Akamwambia kwamba mwenye duka la kona ameahidi kumvutia waya kutoka kwake, kwa bei ya chee. Shoti akaacha mzaha. "Huo si umeme. Huo ni msiba wenye swichi." Kisha akageuka kutazama nyumba ya jirani, ng'ambo ya ukuta. "Lakini nguzo moja inahudumia nyumba mbili bila shida. Na huyu naye hana umeme. Mkichangia nusu kwa nusu, hesabu yako inakaa sawa."

"Huyu?" Randa alishusha sauti. "Huyu bora nichangie na nyoka."

Jirani alikuwa muuguzi wa zamu za usiku. Alihamia pale nyumba ikiwa haijakamilika, na tangu siku ya kwanza usingizi wake wa mchana uligombana na jenereta. Alianza kwa kuja kuomba kwa adabu. Akaja tena, mara hii akiwa amekunja uso. Hatimaye asubuhi moja jenereta lilikataa kuwaka, na Randa alipolichunguza akakuta plagi imeng'olewa. Alinunua nyingine, akasimama ukutani na kutangaza, "Mwizi wa plagi, Mungu anamwona!" Ng'ambo ikajibu, "Na anayeua watu kwa kelele anamwona pia!" Toka hapo salamu zilikufa. Wakipishana njiani, kila mmoja alitazama upande usio na kitu.

Siku kadhaa Randa alizungusha zile namba kichwani. Kila alipozipanga, zilirudi pale pale: vitanda viwili vimepungua, na njia ya kuvipata inapita kwa mtu asiyemsalimu. Jioni moja akanawa vumbi la mbao, akavaa gauni la kutokea.

"Unakwenda wapi umependeza hivyo?" baba yake aliuliza.

"Kwa jirani."

"Wapi?"

"Kwa jirani!"

"Sema kwa sauti, mwanangu."

"KWA JIRANI, BABA! KWA MUUGUZI!"

Kwa hiyo alipofika, mlango wa mbele ulikuwa umeshafunguliwa, na muuguzi amesimama katikati, pasi ya mkaa mkononi.

"Nimesikia unakuja," alisema. "Kama mtaa wote."

Sebuleni sare nyeupe ilikuwa imetandazwa juu ya meza. Randa alikaa ncha ya kiti akaeleza habari ya nguzo, bila kuzunguka, kwa sababu kuzunguka hakukuwa fani yake. Muuguzi alimsikiliza huku akipiga pasi kola.

"Sina," alisema mwishowe. "Pesa niliyo nayo imeshapewa jina. Ni ya milango. Nimeongea na seremala wa ng'ambo ya soko."

Randa aliruka kama aliyekalia msumari. "Ng'ambo ya soko? Na mimi hapa ukutani nafanya nini, nachunga mbuzi?"

"Nikupe wewe kazi? Jenereta lilie zaidi, na safari hii mimi ndiye nimelilipia?"

Walitazamana. Kicheko kilimtoka muuguzi kwanza, kupitia puani, naye akajaribu kukigeuza kikohozi. Randa akageuza macho asije akacheka pia, na hapo ndipo alipoona kile alichokuwa hajakiona. Vyumba havikuwa na milango. Kila uwazi ulining'inizwa pazia, na mapazia yote yalipepea. Sauti za barabarani zilipita humo ndani kama ziko kwao. Huyu mwanamke amekuwa akilala hivi mchana, nyuma ya kitambaa.

"Nilikukosea," alisema Randa. Maneno yalitoka kwa tabu, kama msumari wenye kutu. "Nilidhani kwa kuwa ua ni wangu, basi na hewa yote ni yangu."

Muuguzi aliweka pasi chini. "Plagi niliichukua mimi."

"Najua."

"Nilikuwa sijalala zamu tatu."

Randa alisimama, akapima uwazi mmoja kwa mkono, akahamia mwingine. Mitano. "Sikiliza. Tununue mbao tu. Ufundi wangu sitakutoza. Pesa uliyotaka kumpa mtu wa ng'ambo ya soko, itakayobaki iende kwenye nguzo. Ukipata ya mita yako, utavuta umeme ndani. Nguzo haitakuwa imekimbia."

"Na kelele?"

Randa alitazama viganja vyake. "Nitaitengeneza kwa mkono. Jenereta sitaliwasha."

Ahadi ni nyepesi jioni. Asubuhi yake, alipoushika msumeno wa mkono ambao ulikuwa umetundikwa miaka, aligundua kwamba mashine ilikuwa imemdekeza. Ubao wa kwanza ulimtoa jasho, wa pili ukamtoa malengelenge, na mstari ulikwenda upande kama mlevi. Baba yake alikuwa amekaa kizingitini akipiga msasa miguu ya stuli, kazi aliyopewa ili asichoke kukaa bure. Alitazama kwa muda, kisha akainuka.

"Toka hapo. Unapasua au unakwaruza?"

Akauchukua msumeno. Akaweka goti juu ya ubao, akavuta pumzi, na chuma kikaanza kwenda na kurudi bila haraka. Randa alisimama akimtazama. Alikuwa amesahau kwamba mzee huyu anapokata mbao, mabega yake hunyooka.

Basi wakafanya kazi hivyo, wawili, bila kelele. Na katika utulivu ule Randa aligundua jambo jingine: akisogea karibu na kuongea taratibu, baba anasikia. Si yote, lakini anasikia. Kumbe hakuwa kiziwi kiasi kile. Alikuwa amechoka tu kushindana na jenereta. Wakapiga soga kuliko walivyopiga kwa miaka mingi, wakati mwingine wakabishana hadi patasi zikawekwa chini.

Mlango wa nne nusura uwaharibie. Mzee alikata kipande kifupi kuliko kipimo, na bajeti haikuwa na ubao wa ziada hata mmoja. Alikishika kile kipande kama mtu aliyeua kuku wa jirani. "Macho," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa na macho yananikimbia."

Randa alizunguka fremu mara mbili. "Uwazi wa choo chake ni mwembamba kuliko wa vyumba," alisema sikioni mwake. "Huu ni wa choo. Tumeutanguliza tu wa mwisho." Mzee akamtazama kuona kama anamdanganya, kisha akachukua penseli.

Siku ya kufunga milango, muuguzi alitoka zamu moja kwa moja bila kuvua viatu. Bawaba ya mwisho ilipokazwa, akaingia chumbani kwake na kuufunga mlango. Hakutoka. Randa alisubiri, akadhani kitasa kimekwama, akabisha, "Vipi, kuna kasoro?"

"Hakuna," sauti ilijibu kutoka ndani. "Nimesimama tu. Niache nisimame."

Makadirio ya ofisi ya umeme yalipotoka, yalizidi ya Shoti kwa kiasi cha meza moja ndogo. Zamani Randa angeona dunia imemwinamia. Sasa alifungua kopo la pesa za mafuta, ambalo kwa wiki zote zile halikuguswa, na meza ile ikapatikana humo, na chenji juu.

Nguzo ikaja juu ya lori. Wanaume wakachimba shimo, wakaisimamisha kwenye kona ya ukuta, na Shoti akawa anazunguka chini yake akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mkaguzi alipomaliza na mita ikawaka taa yake nyekundu, Randa alibonyeza swichi ya msumeno. Mashine ikaamka kwa mvumo laini, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo. Mzee akaweka kiganja juu ya meza yake ya chuma, akasikiliza kwa mkono, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Lakini Randa alipousogeza ubao wa kwanza, meno yalipouma mti, ukelele ukapasua ua mzima. Akazima haraka. Umeme ulikuwa umeua mngurumo wa jenereta; msumeno ni msumeno. Akatoka nje akiwa amejiandaa kwa lolote.

Muuguzi alikuwa amesimama langoni, kanga begani, macho ya usingizi.

"Nimeufunga mlango," alisema. "Nimesikia, lakini kwa mbali. Kama mtaa wa pili."

"Nitapasua kabla hujarudi kutoka zamu. Ukirudi, ni randa na msasa tu."

"Tutaelewana." Akapiga miayo. "Lakini kesho wamenibadilishia, nipo zamu ya mchana. Kesho pasua mpaka uchoke."

Randa alirudi ndani, akamvuta baba yake karibu, na wakaanza kupanga mbao za kesho, ndefu chini, fupi juu.